Mkono Usiokuwa wa Baba

Baba tulimzika mwaka jana, siku ya Jumamosi, na vijana wa filamu walikuja na fulana. Walizichapisha kwa mapenzi, siwezi kuwalaumu. Mbele waliandika jina alilojulikana nalo mitaani, Mzee Shoka, na chini ya jina wakaweka picha iliyotoka kwenye jalada la filamu yake ya mwisho: baba amevaa koti la kijeshi, uso umekunjamana, na mbele yake mkono ulionyooka umeshika bastola. Nilipewa yangu, nikaivaa juu ya gauni langu jeusi kama wafiwa wengine. Aliyeshika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mpiganaji, kwamba alipigana Kagera kwelikweli kisha akaja kutupigania tena kwenye skrini. Watu wakaitikia. Lakini baba hakupigana na mtu maisha yake yote, na mkono ule wa kwenye fulana si wake. Kati ya watu wote waliokaa chini ya maturubai yale, mimi peke yangu nilijua ni mkono wa nani, kwa sababu mimi ndiye niliyeuvalisha. Nikanyamaza. Nimekuwa hodari wa kunyamaza tangu mwaka ule, na sasa nimeshapita arobaini, nina watoto wanaotaka kujua babu yao alikuwa mtu gani.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mama alikuwa Songea akimuuguza bibi, kwa hiyo nyumbani Tandika tulikuwa wawili, mimi na baba, kwenye vyumba viwili vya kupanga visivyokuwa na dari. Ukikohoa chumba cha kwanza, mpangaji wa chumba cha nne anakwambia pole. Baba alikuwa ameanza na maigizo ya parokiani, akaingia kwenye michezo ya redio, na filamu za video zilipoanza kuuzwa kila kona akajikuta ndiye baba mkali wa kila hadithi: anayemfukuza binti mjamzito, anayemtoa mjane kwenye nyumba, anayempiga mkwewe bakora. Uso wake ulikuwa wa kazi hiyo. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa dresa, yaani mtu wa kusafisha na kufunga vidonda kwenye zahanati, na kazi hiyo mtaani hakuiacha. Mtoto akijikata na chupa aliletwa kwa Mzee Shoka huku analia mara mbili, mara moja kwa ajili ya kidonda, mara ya pili kwa kumwogopa anayemtibu. Baba alikuwa akichemsha maji kwenye sufuria ya chai, ananawa mikono hadi kwenye viwiko, anamuuliza mtoto habari za shule. Mpaka bandeji inafungwa, mtoto ameshasahau kulia.

Kila Jumapili baada ya misa alikuja Mzee Lukas kutoka Gongo la Mboto. Alikuwa fundi baiskeli, mwembamba, mwenye maneno machache, na kila mara alileta kitu kwenye mfuko wa rambo: ndizi mbivu, mbaazi, siku moja bata mzima aliyefungwa miguu. Kule vitani yeye na baba walibeba machela moja, baba mbele, Lukas nyuma. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita, lakini wakiwa wanatembea barabarani baba bado alitangulia na Lukas alifuata nyuma kwa hatua zile zile, hata nafasi ya kupita wawili ikiwepo. Baba ndiye aliyepika siku hizo, wali na maharage ya nazi, nami nikipeleka maji ya kunawa nilikuwa naambiwa nikapumzike. Nilikwenda chumbani kwangu nikajilaza, na kwa kuwa ukuta uliishia juu kidogo ya mlango, nilisikia kila kitu. Kikubwa hakikuwepo. Walikuwa wakizungumza kama watu wanaopita mahali penye tope, wanachagua pa kukanyaga.

"Dresa, yule kijana wa kwenye lori unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Mie juzi nimemwota."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Amekaa tu."

"Kula, Lukas. Wali unapoa."

Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilitaka baba awe na hadithi ya maana. Marafiki zangu shuleni walikuwa na wajomba waliokuwa wakisimulia mizinga na vifaru mpaka mate yanawatoka. Wa kwangu alibeba machela. Nakumbuka niliona aibu kidogo, na leo kukumbuka aibu ile ndiko kunakonitia aibu.

Mwezi wa kwanza akaja Fred. Alikuwa mwongozaji kijana mwenye studio Sinza, nyuma ya baa moja, na alikuja nyumbani kwetu na kreti nzima ya soda. Alikaa kwenye kochi, akamwamkia baba kwa adabu, akasema amepata mtu wa kumwezesha na safari hii anatengeneza filamu ya vita. "Mzee, umekuwa mbaya wa watu miaka yote. Hapa wewe ndiye stelingi. Kamanda mwenyewe. Hii ndiyo itakayokutoa." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la glasi, moyo unanidunda kama ni mimi ninayeitwa. Baba alisikiliza hadithi yote mpaka mwisho, akanywa soda yake, akasema, "Nitacheza. Lakini bunduki sishiki."

Fred alicheka akidhani ni utani. "Mzee, yenyewe ni ya mbao. Imechongwa na seremala, ikapakwa rangi."

"Najua ni ya mbao. Wewe unajua, na mimi najua. Anayetazama hajui."

"Sasa kamanda bila silaha, mzee wangu, watu si watatucheka? Na wewe si ulikuwa Kagera?"

"Ndiyo maana," baba akasema. Kisha, labda kwa sababu Fred alikuwa mgeni na amekuja na adabu, akaongeza maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema. "Kule mafunzoni walinipa bunduki, nikamwomba afande anipe machela. Akaniuliza, unaogopa kufa? Nikamwambia, kufa naogopa kama wewe, afande. Lakini mimi kazi yangu ni kumfunga mtu akiwa ametobolewa. Siwezi mkono huu nitoboe, na huu nifunge. Akanitazama sana. Akasema, haya, nenda kabebe, utaona kama ni kazi nyepesi."

Wakakubaliana. Mwishoni mwa hadithi ya Fred, kamanda alikuwa ampige risasi mateka aliyejeruhiwa. Baba akasema ampeleke kwa mganga badala yake, na Fred akakubali, wakapeana mikono mbele yangu. Alipokuwa anatoka akaniangalia akamuuliza baba kama binti hana shughuli, kwamba anahitaji mtu wa mavazi. Baba akasema, "Muulize mwenyewe." Nilikubali kabla hajauliza.

Tulipiga picha za filamu Chamazi, kule mbele ya Mbagala, enzi hizo pakiwa bado ni mikorosho na vichaka. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi makoti ya kijeshi yaliyoshonwa na fundi wa mtaani, kukumbuka nani alikuwa amefungua kifungo gani, na kupaka damu, ambayo ilikuwa rangi ya chakula iliyochanganywa na sharubati. Nzi walitupenda sana. Nilifurahi siku zile kuliko nilivyowahi kufurahi. Fred alikuwa ananiita "sista", akaniambia nina uso wa kamera, na kwamba filamu inayofuata kuna nafasi ya msichana wa umri wangu. Maneno hayo niliyahesabu kitandani kama mtu anavyorudia jibu la mtihani.

Siku ya mateka ilikuwa ya mwisho kwa baba. Aliyecheza mateka alikuwa kijana wa Yombo, paja lake nimelipaka sharubati mpaka kwenye goti. Baba alipaswa kupiga goti, kumtazama, na kuagiza apelekwe kwa mganga. Akafanya hivyo, lakini akafanya na jingine ambalo hakuna aliyemwambia: alikunja ngumi akaikandamiza kwenye paja la yule kijana, mahali panapoanzia mguu, akabaki hivyo. Fred aliposema kata, baba hakuondoa mkono. Kijana ndiye aliyesema, "Mzee, tayari, tumemaliza."

Baadaye baba alikwenda kukaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu iliyotuletea vyombo, nikampelekea maji. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Kaa, Agi." Kisha akaniambia habari ya kijana wa kwenye lori. Alikuwa askari wa upande wa pili, wamemwokota kandokando ya barabara, mshipa wa paja umekatika. Kamba ya kufungia mguu haikutosha kuzuia damu, kwa hiyo baba aliukandamiza kwa ngumi ndani ya lori, Lukas akimshikilia kichwa kisigonge bodi. Safari ilikuwa ndefu, barabara mashimo matupu. Yule kijana alizungumza Kiswahili, cha kwao lakini cha kueleweka. Alisema baba yake ni fundi cherehani, na kwamba yeye mwenyewe hajui kushona hata kifungo, mzee alikuwa akimcheka. "Alizungumza muda mrefu. Halafu akawa amenyamaza, nikajua amechoka. Nikaendelea kukandamiza. Tulipofika, daktari aliniambia, toa mkono, dresa, huyu ameshakwenda zamani. Nikamwangalia Lukas. Lukas alikuwa anajua. Alikuwa amekishika kile kichwa muda wote, hakutaka kuniambia." Akanywa maji. "Sasa mtu anasema nishike kitu cha mbao nijifanye. Siwezi, mama. Nikifa, nataka yule kijana asiwe na neno na mimi."

Nilisikia kila neno. Hilo ndilo nataka lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilifanya nilichofanya kwa kutojua.

Akavua pete ya ndoa ili anawe ile rangi, akanipa. "Nishikie." Halafu alikuja mtu kumwambia kuna gari linarudi mjini, akaondoka harakaharaka, pete akaisahau kwangu. Gari lilipopotea, Fred akaniita pembeni. Akasema wasambazaji wa Kariakoo wamekataa kuchukua filamu isiyo na mwisho wa nguvu. Kamanda lazima apige. Sura ya baba wanayo tayari, kinachohitajika ni mkono tu, na Sadiki dereva ana mwili kama wa mzee. "Ni sekunde tatu, sista. Mzee mwenyewe akiona watu wanavyoshangilia, atatushukuru. Mvalishe koti." Nikamvalisha Sadiki koti la baba. Nikamkunjia mkono wa koti mara moja, kama baba alivyokuwa amekunja. Fred akatazama kwenye kamera akasema safi. Mimi ndiye niliyesema subiri. Nikatoa pete ya baba mfukoni, nikaivisha kwenye kidole cha Sadiki, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kukumbuka vitu vidogo na nilitaka Fred aone kwamba nakumbuka. Hakuna mtu aliyeniomba pete.

Filamu ilitoka baada ya Pasaka. Baba alimwalika Lukas, wakaenda Jumapili mchana kwenye kibanda cha video karibu na soko la Tandika, nami nikawafuata kwa sababu kukataa kungeonekana. Watu walimpisha Mzee Shoka benchi la mbele. Lukas alikaa kulia kwake, ameshika kofia mapajani. Nilikaa nyuma yao, nikawa natazama visogo vyao badala ya skrini. Ilipofika pale, uso wa baba ulijaa kioo chote, ule uso wa huruma aliokuwa nao akimkandamiza yule kijana, na ukiutazama ukijua kinachofuata ulionekana ni uso wa hasira. Halafu ukaja mkono, koti limekunjwa mara moja, pete inang'aa. Mlio ukapasua spika. Kibanda kizima kikasimama. "Shoka! Shoka!" Mtu alimpiga baba mgongoni kwa furaha. Lukas akainuka, akavaa kofia, akapita katikati ya miguu ya watu akatoka. Hakugeuka. Baba alikaa mpaka majina yakaisha.

Tulirudi nyumbani, na nilipopakua chakula baba alikaa mezani akiangalia kidole chake. Pete nilimrudishia siku ile ile ya Chamazi.

"Ulijua, Agi?"

"Nilijua, baba."

Aliinamisha kichwa kama anayekubali majibu ya kipimo aliyosomewa na daktari. Hakunipiga, hakunigombeza. Fred alipokuja wiki hiyo na habari kwamba kanda zimekwisha madukani, baba alimkaribisha, akamsikiliza, akamwambia hatacheza tena filamu, ya kwake wala ya mtu mwingine. Akapata kazi kwenye duka la dawa Mbagala. Watoto wa mtaa, wale aliowafunga vidonda, sasa walikuwa wakimsalimia kwa kunyoosha kidole mfano wa bastola na kusema "pa!", naye aliitikia, "Hamjambo?"

Mzee Lukas hakuja Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata. Baba aliendelea kupika wali mwingi, na jioni tuliwapa majirani. Mwisho nikashindwa, nikamwambia, "Baba, si umwambie tu kwamba si wewe?"

"Nikimwambia si mimi, ataniuliza ni nani."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba njia imebaki moja na ni yangu. Kutoka Tandika hadi Gongo la Mboto si safari. Lakini matokeo yalikuwa yametoka, sikufaulu vizuri, nikasema nikishatulia. Nikaanza kozi ya ushonaji, nikasema nikizoea ratiba. Mwezi wa sita baba mwenyewe alivaa shati la Jumapili, akaenda, na akarudi kabla ya saa ya chakula. Sikumuuliza wamezungumza nini. Nikasema afadhali, watakuwa wameyamaliza, ingawa Jumapili hiyo pia tuliwapa majirani wali.

Nilikwenda mwezi wa kumi na moja. Mama Tumaini, mke wa Mzee Lukas, alinipokea uani, akaniambia karibu mwanangu, umesikia, ee? Sikuwa nimesikia kitu. Mume wake alikuwa ameanguka wiki mbili nyuma akirekebisha baiskeli ya mteja. Kiharusi. Upande wa kulia umekufa na maneno hayatoki. Aliniketisha kwenye kigoda, na mimi, badala ya pole, nikamwaga kila kitu: Fred, Sadiki, koti, pete. Mama Tumaini aliacha kuchambua mchicha.

"Subiri," akasema. "Baba yako alikuja hapa mwezi wa sita. Nilikuwa hapa hapa nilipokaa. Mume wangu alimuuliza, Dresa, nataka kusikia kwako, ule mkono ni wako? Baba yako akasema, ni wangu. Mume wangu akamwambia, basi nenda. Akaenda." Akasukuma mchicha pembeni. "Mungu wangu. Na mume wangu akawa anakaa pale mlangoni siku nyingi akisema, angeniambia si yeye, ningemwamini hata kama ni uongo."

Akaniingiza ndani. Mzee Lukas alikuwa amelazwa ubavu, jicho moja limefumba nusu. Nikampa shikamoo. Nikapiga magoti, nikamweleza sikioni, haraka, huku nalia, maneno yakigongana. Jicho lililokuwa wazi lilinitazama, kisha likatazama ukuta. Mdomo ukacheza. Mama Tumaini akasema huwa anafanya hivyo, hata akisikia redio.

Baba nilimkuta duka la dawa linafungwa. Nikamwambia natoka wapi na nimemkuta Lukas katika hali gani. Alinisikiliza akiwa ameshika kufuli. Halafu akauliza, "Ameelewa?"

"Sijui, baba."

"Kesho twende."

Tulikwenda kesho yake na kila siku baada ya hapo, baba akitoka kazini. Alimgeuza Lukas ubavu hadi ubavu ili asipate vidonda vya mgongo, akamwogesha, akamkata kucha, akamlisha uji kwa kijiko cha chai akimsugua koo ili ameze. Sijawahi kuona mikono inayojua kazi yake namna ile. Mimi nilishika beseni. Alikuwa akimzungumzisha wakati wote, habari za parokia, bei ya matairi, mvua, lakini juu ya filamu hakutamka neno. Siku moja tukiwa uani namwaga maji, nikamuuliza kwa nini hamwambii. Akashangaa. "Si ulishamwambia wewe?" Alisema hivyo kwa imani kabisa, kama kwamba neno langu, la mimi, halihitaji kuongezewa la kwake.

Nilitaka kumwambia kwamba nilisema haraka, nikilia, kwenye sikio la upande ambao huenda ulikuwa umekufa. Nikasema moyoni kwamba kesho nitarudia taratibu, Lukas akiwa na nguvu kidogo, akiwa ameamka vizuri, Mama Tumaini akiwa ametoka. Ziko siku alizokuwa akinitazama kwa lile jicho moja kama anayengoja. Nilikuwa nakamua kitambaa, nampa baba, nanyamaza. Wiki saba nilishika beseni, na katika wiki ya nane, asubuhi, Mama Tumaini akatuma mtu Tandika kutuambia tusiharakishe tena, mzee ameshakwenda.